Kiboko Njiani Mfangano

Dada Ndinda,
Uko poa hapo mtaani Jericho? Huku kisiwani kwa kina mume wangu ni kuzuri ajabu! Leo mama mkwe alinitembeza kwa miguu kandokando ya ziwa, kimya kimya, maana tangu harusi hajanizoea. Tulipoingia msituni, kiboko na mtoto wake wakatoka kwenye matete mbele yetu! Mama mkwe alinivuta nyuma ya mti akanikumbatia. "Usikohoe, mwanangu," akaninong'oneza. Dada, moyo wake ulikuwa ukidunda kama wangu! Viboko walipotumbukia majini tulicheka hadi machozi, tukarudi tumeshikana mikono. Jioni hii ananifundisha kupika mbuta, samaki mkubwa wa ziwa hili. Nawapenda wote, wabusu watoto. Na mama yetu mwambie asikeshe tena akiniombea. Wamenipokea!
Mwende