Kipimo cha Naila

Maili Moja, Kibaha

Kwako dada yangu Mwanajuma,

Shikamoo dada. Hujambo huko Muscat, na hao watoto wa tajiri wako wamekuzoea? Mimi mwili mzima, moyo ndio haujatulia. Simu yako haipatikani, kwa hiyo nimempa Adventina barua hii, maana anarudi kazini huko. Uisome ukiwa umekaa.

Karakana yetu ya masweta imepiga hatua. Zamani kuitegesha mashine ya kufuma tulimsubiri fundi kutoka mjini, naye alikuja na maringo yake. Siku hizi nalichora sweta kwenye kompyuta, naingiza vipimo vya kila mtoto, na mashine inalifuma zima mpaka mikono. Hata mimi niliyekimbia hesabu shuleni naiweza, usicheke.

Mwezi uliopita tulipata tena kazi ya shule ya Kurui, anakosoma Naila wako tangu umwachie Mama. Nilikwenda kuwapima watoto, nikarudi kuingiza vipimo. Kwa Naila programu ikagoma. Inatunza vipimo vya mwaka jana, basi ikaniuliza kama nina hakika, maana mtoto amerefuka lakini kifua kimepungua. Bosi wetu Telesphory akasema nimepima ovyo, niweke namba yoyote, mashine inasubiri. Sikuiweka. Nilikuwa nimempima juu ya nguo, kwa hiyo ukweli ulikuwa mbaya zaidi.

Kesho yake nikarudi Kurui. Mama unamjua, mwaka jana alishikilia sweta liwe la kukulia, na Naila alikuwa akishinda nalo kutwa, limemfika magotini. Nilipomvua nikaona mbavu. Dada, nililia mbele ya mtoto. Mama akasema anarefuka tu, tena siku hizi amekuwa kikojozi, ndiyo maana ikishaingia magharibi anamnyima maji. Naila akaninong'oneza kwamba kiu ikimzidi hunywa ya kwenye kopo la udhu.

Nikamwambia Mama nampeleka Kibaha kujaribisha sweta. Nilimpeleka hospitali. Daktari akasema ni kisukari, na tungechelewa kidogo tungemzika. Sasa yuko kwangu, anachomwa sindano za insulini kila siku, na ndivyo atakavyoishi. Ameanza kurudisha mwili, na jana alicheka.

Mama alikuja juzi kumchukua. Kwake kisukari ni ugonjwa wa watu wazima, na hizo sindano ndizo zinazommaliza mtoto. Anataka kumpeleka kwa mganga huko Kibuta. Nilisimama mlangoni nikamkatalia, mimi ambaye sijawahi kumjibu mama yangu. Aliondoka akisema hana mtoto anayeitwa Firdausi. Inaniuma, dada, sikufichi.

Akikupata kwenye simu atakwambia nimekuibia mwanao. Ni kweli, nimemwiba, na Kurui simrudishi hata ukiniamuru wewe. Ukimtaka, njoo mwenyewe, nikufundishe kumchoma sindano.

Wasalimie wenzako wote mnaofanya kazi pamoja. Naila anakuamkia, na anaomba usimkasirikie bibi yake.

Mdogo wako,
Firdausi