Mshale wa Kamera ya Baba

Juni 3

Dada,
Hujambo wewe na shemeji? Sisi wazima, ila mimi furaha imenizidi: Mama amekubali kupigwa picha! Si kwa simu. Simu anasema zinamtoa kama mtu aliyefumaniwa. Atakaa mara moja tu, mbele ya kamera ya marehemu Baba. Filamu ninayo moja, na kipima mwanga cha kamera, ule mshale wa ndani, kimechanganyikiwa. Nilitundika suti nyeupe na suti nyeusi juani, nje ya duka. Jua lile lile, majibu mawili! Nisaidie. Mimi ninachokiweza ni cherehani, nacho siku nyingine kinanishinda.
Mdogo wako

Juni 8

Mdogo wangu,
Salamu zimefika, tu wazima, shemeji yako bado anacheka. Aliyechanganyikiwa ni fundi cherehani. Kipima mwanga hakijui nyeupe wala nyeusi. Kinadhani dunia nzima ni ya kijivu. Basi kipe kijivu: tandaza kitambaa cha suruali za shule kwenye jua kali la mchana. Filamu yako ni ya mia; weka tundu la lenzi namba kumi na sita, kasi ya kufyatua mia na ishirini na tano. Mshale ukisimama katikati, kamwite Mama, na upime kitambaa hicho, si gauni lake. Usiposimama, usithubutu! Ukiziharibu picha hatakaa tena, unamjua.
Dada yako, msafisha picha

Juni 13

Dada,
U hali gani? Mimi sijiwezi! Mshale umetulia katikati, kama umegandishwa kwa gundi! Nilipiga ukelele hadi mteja akatoka mbio na suruali iliyojaa pini. Mama akaketi mlangoni, nikamtandazia kitambaa mapajani. "Unanipiga picha au unanishonea?" Nikabofya papo hapo, akiwa bado ananisema. Filamu yote nimeimaliza, iko njiani. Isafishe kwa makini.
Mdogo wako

Juni 27

Dada,
Hamjambo huko? Bahasha ya picha imefika! Kila mkunjo wa uso umeingia, hata lile pengo analolificha. Mama alizipeleka dirishani, akazigeuza moja moja mpaka nikaanza kutunga uongo wa kujitetea. Kisha akasema, "Haya, hizi zilikuwa za kujaribia." Akaingia ndani, akatoka na gauni la buluu, akakaa kitini. Nimemwambia filamu hakuna. Anasema anasubiri.

Dada, hatanii. Tuma haraka!
Mdogo wako