Mbuzi Tuliyempeleka Kighare

Maore,
Jumapili, baada ya ibada.

Mdogo wangu mpendwa Joel,

Marahaba, maana najua hata ukiwa mahabusu ungeanza na shikamoo. U hali gani? Kile kikohozi kimekuacha? Chakula unashiba? Sisi huku hatujambo, isipokuwa mama, presha yake inapanda na kushuka, na kila akipata nafuu swali lake ni moja tu, Joel atafungwa miaka mingapi. Namwambia sijui. Na kweli sijui.

Barua hii ataileta mjomba Elinaza kwa mkono. Nasikia barua za mahabusu husomwa getini kwanza. Na waisome! Nimeshachoka kuficha.

Nianze na habari za nyumbani. Mpunga umekubali mwaka huu. Ule ukingo wa bwawa letu la ndiva uliobomoka tumemaliza kuujenga, maji yanajaa humo usiku na asubuhi tunayafungulia mashambani kama zamani. Mimi bado ni katibu wa kamati ya mfereji, bado naandika majina ya wasiotokea kwenye kazi za pamoja za msaragambo, na watu bado wananinunia. Ila siku hizi nikisoma majina ya watoro, mtu ananiuliza, katibu, na mdogo wako je? Juzi kaniuliza Abdulmajid mbele ya watu wote. Nilimjibu kwa ukali, unanijua mdomo wangu, lakini moyoni aibu ilinijaa mpaka jembe likanishinda kunyanyua.

Joel, unakumbuka siku ndiva ilipobomoka. Ulikuwa umeshakaa miezi miwili kwenye stoo yangu ya mahindi, hakuna aliyejua isipokuwa mimi na mama. Wanajeshi wawili walikuwa wameshakuja kukuulizia. Walituambia kwamba lindo lenu lilivamiwa, kwamba Godwin, mwenzako wa Kighare uliyekuwa naye zamu, alipigwa risasi akakatwa mguu, na kwamba wewe hawajui wakuandike umekufa au umetoroka. Niliwaapia sijakuona. Mimi, mzee wa kanisa! Halafu baragumu likalia la kuita watu kwenye ndiva, na wewe huyoo, ukatoka na jembe mchana kweupe. Nilitaka kukuzaba kofi. Mtu gani anakimbia risasi halafu anashindwa kukaa ndani watu wakiitwa msaragambo?

Kazi ilipokwisha ukawaambia wazee mwenyewe, kwa machozi, kwamba uliposikia milio ya kwanza ulimwacha Godwin na kukimbia, hukumwambia neno. Ulirudishwa stoo kabla hawajaanza kubishana, kwa hiyo hukusikia. Abdulmajid, ambaye mwanawe naye ni askari, alisema ufungwe, maana aliyekimbia lindo akiachwa hivi hivi, kesho nani atakubali kubaki. Mzee Tumainieli akasema askari naye ana moyo wa nyama, hofu ikimshika imemshika, na jela haitamrudishia mtu mguu. Walipandishiana sauti mpaka jua likazama. Mwisho wakakubaliana kufanya tunavyofanya siku zote. Asiyetokea msaragambo anatoa mbuzi, anaomba radhi, anarudi kwa watu. Basi mbuzi aende Kighare kwa mama yake Godwin, yaishe. Na mimi nikaliandika kwenye daftari la kamati, kana kwamba umekosa siku moja ya kuzibua mfereji! Tulifurahi sana siku ile. Wajinga sisi.

Tulikwenda watatu, mimi, mzee Tumainieli na mjomba. Kutoka Mwanga tulipanda milima ndani ya gari la Noah, mbuzi miguuni petu, akamharibia mzee Tumainieli koti lake la harusini, nikacheka mpaka nikasahau tunakokwenda. Mama Faustina, mama yake Godwin, alitupokea vizuri mno. Hatukuwahi kusema neno. Alidhani tumekuja kumpa pole ya mgonjwa, na yeye akaanza kutupa pole sisi.

Hapa ndipo wazee walipokuficha jambo, na mimi pia. Uliambiwa kwamba tulipokelewa, mbuzi kapokelewa, mambo yameisha. Ukweli ni huu. Godwin alitoka ndani kwa magongo, akakaa karibu yangu, akanishika mkono. Alisema redio yenu ilikuwa imekufa, na kwamba wewe ulitoka mbio kwenda kuita wenzenu. Alisema ameshawaeleza hivyo wakubwa wake, na kila Jumapili anakutaja kwenye maombi. Kisha akaniuliza kama mwili wako umepatikana.

Nilimwangalia mzee Tumainieli aseme. Akainamisha kichwa. Mjomba akaanza kusifia migomba. Nami nilinyamaza, Joel. Tukanywa chai, tukaacha mbuzi kama zawadi ya mgonjwa, tukashuka.

Sasa mjomba ananiletea maneno yako, kwamba Mama Faustina ndiye aliyekuchongea, na kwamba ukitoka utapanda Ugweno hadi Kighare ukawaonyeshe. Koma! Yule mama hakujua hata kama u hai. Ni mimi. Siku ya tatu baada ya safari ile nilikwenda Same, nikaingia kwa mshauri wa mgambo, ofisa wa jeshi wilayani, nikamwambia mdogo wangu yuko kwenye stoo yangu. Sikwenda kwa sababu naamini askari aliyekimbia lazima afungwe. Siku nyingine namwona Abdulmajid ana haki, siku nyingine nakulilia. Nilikwenda kwa sababu nilishindwa kula nikikumbuka mtu anakuombea kama marehemu, na marehemu yuko kwangu anakula ugali. Matusi yote uliyomtukana yule mama nirudishie mimi, nayastahili kwako.

Lakini lipo kubwa zaidi. Jana Godwin kanipigia simu. Kusikia u hai amelia kwa furaha, anasema basi ulipotea porini ukaogopa kurudi. Tarehe kumi na nane anakuja kwenye kesi yako kukutetea, ataapa mbele ya maofisa kwamba uliondoka kuita msaada. Yeye ndiye aliyeumia, nani atambishia? Ukinyamaza unaweza ukatoka. Mimi dada yako nataka utoke, Mungu anajua ninavyotaka. Ila usitoke hivyo. Usimwache aape uongo asioujua. Mwandikie kabla ya siku ile, umweleze kama ulivyotueleza sisi. Wakikufunga nitakuja kila mwezi, hata kama hutaki kuniona. Ukinyamaza, nitasimama mimi niseme.

Nikimaliza hapa naingia ndani kumwambia mama nilichofanya. Niombee. Anakusalimu sana, na mjomba, na mzee Tumainieli. Hata Abdulmajid kasema nikusalimu. Na Godwin jana kabla hajakata simu alisema nikikuandikia nikupe salamu zake. Anasema usiogope siku ya kesi, hatakuacha peke yako.

Ni mimi dada yako,
Raheli