Dunia Iliyoshikwa kwa Mate

Kijijini Istebna, juma la pili la Majilio

Dada yangu Rozalia,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia huko Chicago, hata kama uko peke yako jikoni. Magoti yako yanasemaje? Yangu yanalia kama mlango wa zizi. Mwanangu Romek mzima, wajukuu wanakohoa kidogo, theluji imefika madirishani. Mwandiko ni wangu mwenyewe, ule ulionifundisha wewe kwa mkaa, maana shule sikuiona hata mlango wake.

Sasa nikutapikie yaliyo moyoni. Wiesia, mke wa Romek, amenitia kinyaa ambacho hata zizi la nguruwe halijanitia. Jumamosi ilikuwa siku ya kutengeneza dunia ya kutundika juu ya meza ya mkesha wa Krismasi. Unajua inavyofanywa tangu bibi yetu: zile kaki za Krismasi, vimkate vyembamba kama hostia, zinakatwa miduara, zinalambwa ukingoni, zinashikana mpaka ziwe tufe. Mate tu. Naingia jikoni, nakuta binti wa watu kashika chupa ya gundi! Gundi, Rozalia, kwenye mkate wa Mtoto Yesu! Inanuka kwato zilizochemshwa. Kaki zimelowa, zimekunjamana kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Niliichukua dunia yake nikaitia motoni.

Wiesia hakulia, ulimi wake unakata kabichi. Alisema afadhali gundi ya dukani kuliko mate ya mama mkwe yaning'inie juu ya supu ya bitiruti, na kwamba mwaka wa saba huu anakula chakula cha mkesha akiwa ameinamisha macho asiyaone. Nikamjibu kwamba mate ya mdomo safi hayamchafui mtu. Yanayokataa kushika ni mate ya mwongo. Maneno ya mama yetu hayo, nami nikayatema kama yangu.

Nikaketi nimwonyeshe. Nikalamba kipande, nikabandika, kikadondoka. Nikalamba tena. Tangu nianze vidonge vya moyo, mdomo wangu mkavu kama gunia la unga. Cha tatu kikaangukia mapajani. Wiesia akakunja mikono, akaniuliza polepole, “Haya mama, umemdanganya nani?”

Alikuwa ananitania tu. Mimi nilitoka nikaenda kukaa na ng'ombe.

Nimekudanganya wewe, Rozalia. Ile dunia iliyoangukia supu tukiwa wasichana, mama akakuzaba kofi mbele ya wageni na kukuita mwenye mate ya mwongo, niliibandika mimi. Uliniachia niimalizie ukaenda kuchota maji. Nami nilikuwa nimeiba soseji darini, siku ya mfungo wa nyama. Ulimi wangu ulijaa mafuta, hakuna kilichoshika vizuri. Nilijua. Ukapigwa, mimi nikaendelea kula samaki. Masika yaliyofuata ukaondoka. Na miaka yote hii unaniandikia kwamba huko hujawahi kutundika dunia, kwa sababu mate yako ni mabaya. Nasoma, nakunja barua, nakunywa chai. Hicho ndicho kinyaa, dada. Gundi si kitu.

Nilirudi ndani nikamwambia Wiesia yote. Alinikatia kipande cha limau, akaniwekea mdomoni kama mtoto. Mate yakaja. Tukamaliza pamoja, yeye akikata, mimi nikilamba, na bado anakunja pua, mshenzi yule.

Humu nimekuwekea kaki tano. Moja uivunje ule, ukinitaja. Nne zikate, uzilambe. Zitashika, mate yako hayajawahi kuwa na kosa. Kunisamehe ni juu yako, lakini usiniudhi: tundika.

Romek na wanawe wanakubusu mikono, na Wiesia pia. Bahasha nimeifunga kwa ulimi wangu, limau mdomoni. Ikikufikia imeachia, hilo ni kosa la posta. Mimi nimeshasema kweli.

Mdogo wako,
Wikta