Niliyemlaza Mama wa Misungwi

Jumanne.

Bado namuwaza yule mama wa Misungwi tuliyemtoa titi lenye saratani leo. Mimi ndiye niliyempa usingizi. Niliacha dawa ya usingizi ya kuvuta kwa pumzi, nikatumia ya mshipani na ganzi ya kifuani, nikitumaini kinga yake haitashuka sana, ipambane na saratani iliyobaki. Wataalamu wenyewe bado wanabishana kama inasaidia.

"Unatuchelewesha bure," daktari wa upasuaji alifoka. Niliumia, nikaendelea kuchoma ganzi. Huenda kweli ni bure. Sitajua kamwe.

Jioni ndugu za yule mama walimletea daktari huyo jogoo na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Nikapita wodini, nimeshavua barakoa, kumjulia mama hali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe una mgonjwa humu?"

Nikamjibu ninaye.