Uliitwa, Nikaitika Mimi

Adhiambo,

Ni wiki tano tangu tukuache Usenge, na kile kitabu chetu cha safari sikukifungua mpaka leo. Nimekifungua kwa sababu sina mtu mwingine wa kumwambia nilichofanya.

Ukurasa wa kwanza ni mwandiko wako. Siku ya kwanza, Kisumu hadi Maseno: "Dereva asukume baiskeli mlimani, abiria ashuke akitaka." Siku ya pili Ugunja. Ya tatu Busia, tuvuke mpaka. Halafu Bugiri, Iganga, Jinja. Kila siku umeandika mahali pa kunywa maji na mahali pa kupumzika, maana ule ugonjwa wako wa damu haukutaka uchovu wala baridi. Ulisema umechoka kuona ziwa limekaa tu na magugu yake kama mgeni aliyekataa kwenda kwao. Ulitaka kufika Jinja uone linapotokea na kuwa mto. Mimi sikuwa na sababu yangu. Nilitaka tu kukubeba.

Unakumbuka mazoezi? Baiskeli ya mjomba, ile yenye kiti cha sponji nyuma. Ulikuwa mwepesi hata nikawa nasahau kama upo, mpaka uongee. "We dereva, ukihema hivi kwa tambarare, Maseno si utazaa!" Watu barabarani wakacheka, mimi nikatamani kujificha. Wewe ukawapungia mkono kama mheshimiwa.

Vilibaki vitambulisho tu, ndio tupewe karatasi ya kuvukia. Tulienda pamoja kwa chifu kujiandikisha, tukapigwa picha na vichwa vyetu vya shule vilivyonyolewa, ukasema tumefanana kama mayai. Stakabadhi za kungojea nilizitunza mimi, zote mbili, kwa sababu wewe hupoteza kila kitu.

Halafu ukalazwa. Nilidhani ni kama zile mara nyingine. Nilikuletea uji, ukaniambia tuongeze siku ya kupumzika pale Ugunja, nikaiandika. Kesho yake nilikuta kitanda kimetandikwa.

Umezikwa nje ya ua. Nataka ujue kwamba mama yako alikataa. Ndugu za baba yako walisema msichana ambaye hajaolewa hazikwi ndani ya boma, imekuwa hivyo siku zote, na mchungaji akanyamaza. Uko upande ule wa mtama. Ng'ombe hupita karibu sana.

Sasa nikuambie.

Wiki mbili zilizopita vitambulisho vilikuja. Watu walijaa uwanjani kwa chifu, karani akisoma majina. Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa. Kabla ya langu, akasoma majina yako yote matatu. Akasoma tena, halafu akauliza, "Huyu amekufa ama?" Watu wakacheka.

Unanijua. Darasani nilikuwa na jibu na sinyooshi mkono. Lakini nilisikia mtu amesema "Niko!" kwa nguvu, na huyo mtu alikuwa mimi. Nikapita katikati ya watu nikampa stakabadhi yako. Akatazama picha, akatazama kichwa changu, akanipa wewe.

Nilitaka tu wasicheke. Na nilitaka uso wako. Kitambulisho changu sikukingojea, nilitoka mbio.

Jumatatu mama yako alikuja kwetu moja kwa moja kutoka Kibuye, bado ana aproni ya sokoni. Alikuwa amepita kwa chifu kuulizia kitambulisho chako. "Karani anasema mwenyewe alikuja," alimwambia mama yangu. "Ameitika, amechukua, ameenda. Sasa sisi tulizika nani?" Hakuwa analia, Adhiambo. Alikuwa na furaha. Alisema umekataa kukaa nje, kwamba umekuja kujionyesha ili mtu akusikie. Jumamosi angeenda Usenge kuwaambia shemeji zake walifungue kaburi wakuingize ndani ya boma, na wasipotaka angechimba mwenyewe. Mama yangu alimshika mkono akamwambia, "Keti kwanza, dada." Mimi nilikuwa nimesimama pale na kikombe chake cha chai. Nilinyamaza Jumanne, nikanyamaza Jumatano.

Leo asubuhi nilienda Kibuye. Nilimkuta akipimia mtu vidagaa vya omena kwa mkebe wa gorogoro. Nikaweka kitambulisho juu ya omena, nikasema, "Mama, ni mimi niliitika."

Sikupigwa. Sikutukanwa. Alikiokota, akakifuta kwa leso, akakitazama muda mrefu. Kisha akasema polepole, "Si ungeniachia hata mpaka Jumamosi."

Mteja akauliza kama omena ni ya jana. Mama yako akasema ni ya leo, akaendelea kupima.

Sijui kama nilifanya vizuri. Watu watasema ukweli ni mzuri. Hawakuuona uso wake. Mara ya kwanza ulizikwa na watu wengi, wakiimba. Leo nimekuzika peke yangu, mbele yake.

Jinja hatutaenda. Sitakudanganya kwamba nitaenda kwa niaba yako. Juzi nilipanda baiskeli ya mjomba mpaka pale kwenye kona, nikashuka. Sioni mahali pa kwenda ambapo ningekukuta umetangulia.

Ninaloweza kukuahidi ni dogo. Kesho nitarudi kwa chifu. Nitamwambia karani nilichofanya, anigombeze mbele ya watu akitaka. Halafu nitasimama hapo mpaka asome jina langu, na hilo ndilo nitakaloitikia.

Lala, Adhiambo. Wakikuita tena, nitanyamaza.

Atieno