Mlango wa Banda Usiutafute

Baba Adhiambo,

Nimempeleka mbwa wetu Jeki kwa daktari wa mifugo kule Nyamongo. Nimetoka kanisani nikakuta umemfungia tena kwenye banda la bati, jua linawaka, bakuli limekauka. Alikuwa anahema ulimi nje, anatapika povu, miguu haimbebi. Nimemlowesha tumbo na nyayo, nikampepea kwa kitenge changu cha kanisani, ndipo akafumbua macho. Sijui kama atapona.

Usiniambie tena kwamba mbwa asipofungiwa mchana hawi mkali usiku. Hayo ni maneno ya baba yako, na yeye alizika mbwa wawili kiangazi kimoja. Wezi wa ng'ombe watamwogopa vipi mbwa aliyekufa?

Sasa mbwa aliyebaki ni Chui. Alale kivulini nyuma ya jiko, bila mnyororo. Maji yawe kwenye lile beseni zito asilipindue, na uyabadilishe yakipata moto. Usiende naye machungani mpaka jua lipoe. Akianza kuhema vibaya, mloweshe kwa maji ya kawaida, unipigie. Usiite majirani waje kusema amerogwa.

~~Chakula jipikie.~~ Ugali na dagaa viko kwenye hotpoti. Nimepika nikisubiri bodaboda, kwa sababu Adhiambo akirudi kutoka kwaya atakuwa na njaa, na yeye hana kosa.

Mlango wa banda usiutafute. Mbao zake zilikuwa kavu kweli, ndizo zilizoivisha huo ugali.

Mama Adhiambo